Makuti Yaliyolala Juu

Mpaka leo siwezi kupita karibu na nyumba inayojengwa bila kuinua uso. Wajukuu wangu wamelizoea jambo hili, wanasema bibi anakagua mbingu. Mimi sikagui mbingu. Naangalia mifuko ya saruji iliyolundikwa ukingoni mwa sakafu ya juu, mabati yaliyoegemezwa bila kufungwa, ndoo iliyosahauliwa juu ya ukuta, na kama kuna mtu chini yake namwambia aondoke, nimjue nisimjue. Wengine hunishukuru, wengine huniuliza mimi ni nani. Swali lao ni la haki, maana mimi ni mwanamke mzee mwenye buibui na kikapu cha sokoni, na usoni hakuna palipoandikwa kwamba niliwahi kutunza stoo ya ujenzi. Niliitunza mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya themanini, hapa hapa Malindi, mahoteli yalipokuwa yakichipuka ufuoni kama uyoga. Mwezi uliopita nilikwenda Adu kumzika Kahindi, na Kahindi ndiye aliyebaki mwisho kati ya wale niliowasikia mwaka ule. Nasema niliowasikia kwa sababu wengi wao niliwajua kwa sauti kabla sijawajua kwa sura.

Habari za kwetu nitaziacha, kila mtu ana kwao. Mwaka ule nilikuwa nakaa na Shangazi Esha katika mtaa wa Shela wa hapa Malindi, kwenye chumba cha uani chenye kitanda kimoja cha kamba na dirisha lililotazama jiko. Shangazi alitoka Lamu akiwa bi harusi, na Lamu haikumtoka mdomoni mpaka alipozikwa. Alfajiri alikuwa amekwisha kuumua unga wa mahamri, nami nikiamka nakuta moshi umeingia ndani na mbaazi za nazi zinatokota. Chakula kile alikipeleka kwenye hoteli moja iliyokuwa ikijengwa, akawauzia mafundi. Nyapara wa kazi alikuwa Mkamba wa Machakos, Bwana Musyoka, mtu mrefu, mcha Mungu, asiyekosa kanisani Jumapili, na mpenzi mkubwa wa mahamri ya shangazi. Siku moja shangazi alimwona amekolea kula, akaitumia nafasi hiyo. "Huyu mwana wangu amesoma," alimwambia, "na yeo yuko nyumbani ahesabu paa za watu. Mpe kazi." Musyoka aliniangalia, akameza, akasema, "Kama anajua kuandika na hawezi iba misumari, akuje kesho."

Stoo yenyewe ilikuwa kibanda kikubwa cha mabati, ukuta mabati, paa mabati, na ifikapo saa sita mchana ungeweza kuoka mkate ndani yake. Harufu yake ninayo hadi sasa puani: saruji, kamba mpya za mkonge, makuti makavu, na mafuta yaliyomwagika mchangani. Musyoka alinifundisha mpangilio wake kwa ukali wa mwalimu wa madrasa. Simiti haigusi chini na haigusi ukuta, ilale juu ya mbao, na rundo lisipite kifua cha mtu mfupi. Boriti zilazwe chini zikiwa zimezuiwa kwa vigingi pande zote mbili, maana boriti zikianza kubingirika haziulizi mguu ni wa nani. Kamba zitundikwe, zisikae karibu na chokaa, chokaa hula kamba polepole nawe usione. Makuti yawe na pembe yake mbali na moto, na kabla ya kuyashika uyapige kwa fimbo, kwa ajili ya nyoka. Nayasema haya kwa sababu watu waliosimulia habari ile baadaye walimfanya Musyoka mzembe. Hakuwa mzembe. Chini, kwenye stoo yake, hapakuwa na kitu kilichokaa vibaya.

Mafundi walikula upande wa nyuma wa stoo, ambako kivuli kilikuwa kirefu. Mimi nilikula ndani, peke yangu, kwa heshima iliyotakiwa kwa msichana wa umri wangu, sahani ikiwa juu ya debe la misumari. Kati yangu na wao palikuwa na bati tu, na bati halifichi siri. Nilisikia nani amegombana na mkewe, nani ameota ameokota mkufu wa dhahabu, nani anadai samaki wa leo ni mkia mtupu. Ila sauti zilizonifanya niache kutafuna zilikuwa mbili. Moja nene, iliyotoka tumboni, ilikuwa ya Kahindi, mfungaji majukwaa. Yeye ndiye aliyesimamisha miti ya mvinje kuzunguka jengo, akaifunga kwa kamba na kutandika mbao ambazo wenzake walikanyaga. Ya pili, nyembamba na ya juu, ilikuwa ya Charo, fundi wa makuti, ambaye kazi yake yote ilikuwa juu ya mbao zile.

"Charo, leo si utani," ilianza ile sauti nene. Kila siku ilianza hivyo. "Leo si utani, ndugu zangu shahidi. Nimekufungia kamba zilizooza zote. Nimezitafuta stoo nzima, nikachagua mbovu."

"Ndiyo maana umechelewa kazini. Kumbe ulikuwa unachagua."

"Sasa nakuomba kitu kimoja. Ukianguka, angukia Mariakani. Huko kuna maziwa mengi, watakuosha vizuri. Ukiangukia hapa nitaambiwa mimi nikuchimbie kaburi, nami nina mgongo."

"Siendi Mariakani," Charo akajibu. "Nikianguka nitalenga tumbo lako. Ndilo godoro la pekee kwenye kazi hii."

Wakacheka wote mpaka sahani zikalia. Nami nilicheka nikiwa nimejiziba mdomo kwa mtandio, maana Kahindi alikuwa kweli na tumbo, na alilibeba mbele yake kwa fahari kama mtu aliyebebeshwa zawadi. Lakini siku za mwanzo nilishtuka. Kwetu mtu hamtajii mwenzake kaburi hata kwa mzaha. Aliyenielewesha ni Dama, mke wa Charo. Dama alikuwa mmoja wa wanawake waliokaa chini ya turubai wakishona makuti kwenye vijiti, naye alikuwa mjamzito. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu na salamu yake ya Kigiriama, "Mwalamukadze, Bi Stoo," nami nikajifunza kuitikia. Aliniambia kwamba ukoo wa Charo na ukoo wa Kahindi ni watani tangu enzi na enzi. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuita maiti, nawe huna ruhusa ya kukasirika. "Na ukifa," akasema Dama akivuta uzi kwa meno, "yeye ndiye anayekuja kukutania mbele ya watu. Amzuie marehemu mlangoni, amwige anavyotembea, achekeshe waliofiwa. Mtu asiyetaniwa siku yake ameondoka mkavu." Nikauliza kama basi wale wawili hawapendani. Dama aliniangalia kama aliyeulizwa kama chumvi ni tamu. "Kahindi ndiye aliyenilipia mahari nusu," akasema.

Jengo kuu lilikuwa limekwisha, na kilichobaki kilikuwa ukumbi wa kulia, ukumbi mpana ulio wazi pande zote, na juu yake paa la makuti lililopanda kama mlima. Tajiri, Mtaliano ambaye tulimwona kwa nadra, alitaka Krismasi wageni waje kula chini yake. Pau na fito zilikuwa tayari, na Charo na wenzake walikuwa wanapanda safu kwa safu wakifunga makuti kutoka chini kwenda kileleni. Makuti yalitoka stoo kila asubuhi, yakapita mkono kwa mkono, ngazi kwa ngazi, hadi jukwaani. Ilikuwa kazi ya kuchosha na walioipenda walikuwa wachache. Jioni yaliyobaki yalirudi ndani. Ndiyo iliyokuwa sheria ya Musyoka mwenyewe, kitu kinachosubiri kinasubiri chini.

Kisha ikaja saruji ya kujengea vyumba vya nyuma. Iliingia malori kwa malori, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukaa baharini. Saruji ikilowa imekufa, kila mtu analijua hilo. Tuliijaza stoo mpaka nikakosa pa kuweka kiti changu, na makuti yakatolewa nje. Musyoka alizunguka lile rundo akijikuna kichwa. "Hii makuti ikilala chini," alisema, "asubuhi nusu ni ya mchwa na nusu ni ya watu. Ipande. Ilale huko juu kwa jukwaa, mpaka tutengeneze stoo ingine."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo hili nililiona na kulisikia pia. Charo alifurahi. Alisema asubuhi watakuta kuti liko mkononi, hakuna tena kupokezana ngazini kama siafu. Wenzake waliitikia. Kahindi alikuwa ameshika nguzo moja ya jukwaa lake, akasema, "Mimi jukwaa hili nimelifungia watu wembamba kama Charo. Sikulifungia ghala." Kila mtu akacheka. Hata Musyoka alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka kazini. Nimeirudia sentensi ile kichwani kwa miaka mingi. Ilikuwa kweli tupu, imekamilika, haikupungukiwa na kitu, na ilipokelewa kama vichekesho vyake vyote vilivyopokelewa. Makuti yakapanda. Walifunika kwa turubai upande mmoja, upande wa pili turubai halikufika.

Siku za kwanza hapakuwa na neno. Jua liliwaka, kazi ilikwenda mbio, na Musyoka akaacha kuulizia ile stoo nyingine. Ndivyo jambo la muda linavyogeuka kuwa desturi, hakuna anayeliamua. Halafu mvua ikanyesha, mvua ya vuli yenyewe, iliyopiga paa letu la uani hadi shangazi akaweka masufuria chini ya matundu. Asubuhi ilikuwa imekatika, jua limetoka safi, na mchanga unanuka vizuri. Wanaojua makuti wanajua kwamba makavu hubebwa na mtoto, lakini yakinywa maji ni mzigo mwingine kabisa. Wote pale walilijua hilo. Ila asubuhi nzuri humsahaulisha mtu, na Krismasi ilikuwa inakaribia.

Nilikuwa ndani ya stoo natundika kamba zilizolowa nilipoisikia sauti nene.

"Charo, shuka. Mti wa kati umepinda, unalia."

"Miti yako inalia kila siku," ikajibu ile ya juu. "Ingekuwa inalala na wewe kitanda kimoja ningeielewa."

Watu wakacheka.

"Charo, si utani. Leo si utani."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Shuka, ndugu yangu. Nakuomba, shuka."

Hapo nikaacha kamba. Mimi niliyekuwa nikiwasikia kwa masikio tu, bila kuona tumbo wala mikono yake ikipepea, nilijua. Sauti ile haikutoka tumboni. Ilitoka kooni, ilikuwa imekauka. Nikaanza kupita kati ya mifuko ya saruji kwenda mlangoni, na nikiwa bado napita nikamsikia Charo akicheka, kicheko kirefu cha raha, akisema, "Ndugu yako tangu lini? Jamani, njooni mumsikie Kahindi, leo ameniita ndugu. Nikishuka atanisimulia mpaka mwakani kwamba niliogopa."

Nilipofika mlangoni mti ulivunjika. Ulitoa sauti ndogo kuliko nilivyotegemea. Mbao ziliinama upande mmoja, makuti yakaanza kuteleza kwa pamoja, mazito, meusi kwa maji, na Charo alikuwa katikati yake amenyoosha mkono kushika ufito. Aliushika. Ufito ukaja naye. Kahindi alikimbia kuelekea mbele, si kurudi nyuma kama wengine. Alikimbia ameinua mikono, na tumbo lake lile mbele, kana kwamba alikusudia kweli kuwa godoro. Hakufika. Charo alianguka kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi, na makuti yakamfunika.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Musyoka ndiye aliyemtoa chini ya makuti kwa mikono yake, akambeba kama mtoto hadi kwenye gari, huku analia mbele ya wafanyakazi wote bila kujificha. Dama alikaa pale pale chini ya turubai, sindano mkononi, akauliza mara kwa mara, "Amesema nini? Amesema nini?" Hakuwa amesema kitu. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Mchana ule shangazi alipakua chakula na hakuna aliyekuja kukichukua, mbaazi zikaganda ndani ya sufuria, nami nikakaa kwenye debe langu la misumari nikisikiliza upande wa pili wa bati. Palikuwa kimya. Sijawahi kusikia kimya chenye watu wengi kiasi kile.

Maneno yalikuja baadaye, na mengine yalikuwa mabaya. Tajiri alichinja mbuzi, akasema kwa Kiswahili chake kidogo kwamba ajali haina kinga. Nilikasirika, na hasira ile bado ninayo. Ajali haina kinga, lakini makuti yana stoo. Na kuna waliomtazama Kahindi kwa pembe ya jicho wakasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Nilimsikia mmoja akilisema nyuma ya bati, akitafuna nyama ya yule mbuzi. Methali ni nzuri, lakini mtu akiitupa kama jiwe huvunja kichwa sawasawa na jiwe.

Tulimzika Charo kwao, Marafa. Shangazi na mimi tulikwenda, tukakaa na wanawake kwenye mikeka. Ulipofika wakati wa kumtoa marehemu ndani, watu walianza kugeuza shingo wakimtafuta mtani. Kahindi alikuwepo. Alikuwa amesimama penye mlango, kama desturi ilivyomtaka, na mikononi ameshika kofia ya Charo, ile kofia ya ukindu aliyokuwa akimnyang'anya kila siku. Alitakiwa kuivaa, aige mwendo wa Charo, azuie njia, aseme, "Huyu haendi popote, ana kazi yangu hajaimaliza." Watu walisubiri. Alifungua mdomo mara moja, ukafungika wenyewe. Mama yake Charo alimwambia taratibu, "Sema, mwanangu. Mtukane. Mtukane mtani wako aende." Kahindi alitikisa kichwa, akaiweka kofia juu ya jeneza, akaondoka akipita katikati ya watu, akaingia kwenye mihogo, hakurudi. Yule mama akalia kilio kipya, si kile cha kwanza. "Mwanangu ameondoka mkavu," alisema, na wanawake wakalipokea neno lile.

Ukumbi ulimalizika na wageni walikula Krismasi chini ya paa lile. Makuti yale yale yalianikwa, yakafungwa, hakuna lililotupwa. Musyoka alijenga stoo nyingine ndani ya siku chache, kubwa, nzuri, ya kutosha kila kitu, na alipoimaliza alisimama mlangoni akaitazama kwa muda mrefu. Mwisho wa mwaka alirudi kwao na sikumwona tena. Mimi pia niliacha. Shangazi alidhani nimechoka na joto, nikamwacha adhani hivyo.

Kahindi hakuacha. Aliendelea kufunga majukwaa Malindi, Watamu, Kilifi, mpaka mikono ilipokataa, lakini alikuwa mtu mwingine. Vijana walimwita Bwana Chini, kwa sababu neno lake lilikuwa moja, kitu chini. Hakuruhusu hata ndoo ilale jukwaani. Kila asubuhi alipanda yeye kwanza, akatikisa kila mti kwa mkono wake kabla mtu hajakanyaga, na mvua ikinyesha hakuna aliyepanda mpaka ajiridhishe. Aliyepiga soga akiwa juu alishushwa. Tulikutana mara kwa mara sokoni, tukasalimiana, tukaulizana watoto, wala hatukuutaja mwaka ule. Tumbo lilikuwa limekwisha kabisa. Dama aliniambia kwamba kila msimu wa mavuno Kahindi alimletea mahindi, akayaweka penye mlango na kuondoka. Yule mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa msichana, akaitwa Sidi, na alipopata akili nyanya yake alimwambia yule ni mtani wako, mtanie. Mtoto alimkimbilia akamwita kobe. Kahindi alimshika kichwa, akamwambia, "Mimi sina utani, mama," akaenda zake. Nyanya yake alijaribu tena mwaka uliofuata, halafu akachoka.

Mwaka jana nilisikia anaumwa, yuko Mtwapa kwa mwanawe, katika chumba cha kupanga nyuma ya baa. Nilimpelekea mahamri. Muziki wa baa ulikuwa ukipita ukutani na yeye amelala chali, amekuwa mdogo, macho yako kwenye dari. Nilidhani anaangalia dari kama mgonjwa yeyote, kumbe alikuwa anaangalia masanduku ambayo mwanawe aliyapanga juu ya kabati. Aliniomba niyashushe. Nikayashusha moja moja, nikayapanga ukutani, na hapo ndipo alipotulia.

"Dada," akasema, "wewe siku ile ulikuwa stoo."

"Nilikuwa stoo, kaka."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Watu wote wameniambia Charo hakunisikia. Kwamba upepo ulikuwa mwingi, kwamba makuti yalikuwa yanapiga kelele. Mpaka mke wake ameniambia hivyo. Wewe niambie. Alinisikia au hakunisikia?"

Nilitamani upepo ule. Laiti ungekuwepo ningemkabidhi. Lakini asubuhi ile ilikuwa shwari, na mtu huyu alikuwa ameishi karibu maisha yake yote akilishwa uongo wa huruma. "Alikusikia," nikamwambia. "Alidhani ni utani. Alicheka."

Alifumba macho. Nikadhani nimemuua. Kisha akasema, "Ndivyo nilivyosikia mimi. Nilikuwa nadhani labda nimelibuni." Halafu akauliza, "Alicheka vizuri, sivyo?"

"Alicheka vizuri sana."

"Eee," akasema. "Alikuwa na kicheko, yule maiti."

Lile neno la mwisho lilikuwa utani wa kwanza niliousikia kinywani mwake tangu mwaka ule.

Habari ya kifo ilipokuja nilikwenda Adu, kwao Kahindi, moja kwa moja. Mvua za huko zilikuwa nzuri, mahindi yamesimama, na wanawake walikuwa wanachagua mchele chini ya banda. Mwanamke mmoja wa makamo, mrefu na mwembamba, alinipokea kikapu. "Shikamoo mama. Mimi ni Sidi wa Charo." Nilimwitikia, nikamshika mkono, kwa sababu sauti yake ilikuwa ile ya juu, ya baba yake. Tulikaa na sinia moja kati yetu tukitoa mawe kwenye mchele. Alisema mama yake hawezi kutembea tena, amemtuma yeye. Halafu akauliza, bila kuniangalia, "Baba alikuwa anasema nini na huyu mzee? Mama hupenda kusema walikuwa wanataniana, lakini maneno yenyewe hayasemi. Wewe ulikuwepo." Nami nikampa. Nikampa kamba zilizooza, nikampa Mariakani na maziwa yake, nikampa godoro. Niliyasema polepole, kila moja na sauti yake, kama nilivyoyapokea kwenye bati. Sidi hakucheka. Alikuwa akiyasikiliza kama mtu anayeonyeshwa nguo za baba yake, akitaka kujua zinamtosha wapi.

Mchana jeneza lilitolewa. Vijana wa Kahindi walilifikisha kaburini, wakapitisha kamba chini yake, wakashika ncha. Mchungaji alimaliza kusoma. Ukoo wote ulikuwa umenyamaza, hawakutegemea mtani, walijua mzee wao alikuwa ameukata utani kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo Sidi alipowapita wanaume, akaenda kusimama ukingoni kabisa mwa kaburi, mikono kiunoni.

"Kahindi," akasema kwa nguvu, jina tupu, bila mzee wala baba. "Leo si utani. Kamba hizi nimefunga mimi. Zimeoza zote, nimezichagua."

Vijana walisimama na uzito mikononi. Mtoto wa kwanza wa Kahindi alimtazama yule mwanamke. Nyuma yangu bibi kizee mmoja aliguna, halafu akacheka, kicheko cha kukwaruza, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, wakicheka na machozi yanawatoka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nalia kwa sauti, mkono mdomoni, kama kule stoo.

Sidi alisubiri watulie. Kisha akainama kidogo juu ya shimo, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Shuka, mutani. Shuka taratibu, usiogope. Baba yuko chini anakusubiri, na leo godoro ni yeye."

Vijana walilegeza kamba kidogo kidogo, na Kahindi akashuka.